Lile geti kubwa la Jefferson na Best, Buffalo: ndani yake kulikuwa na nini?

Baba Neema

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni Mbembe wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, na sasa nina miaka mitatu hapa Buffalo, jimbo la New York. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Kila Jumamosi nampeleka mazoezi ya mpira kwenye uwanja wa Johnnie B. Wiley, pale Jefferson Avenue. Tunakwenda kwa miguu.

Kwenye kona ya Jefferson na Best kuna geti la kizamani, kubwa kupita kiasi. Ukiliona kwa nje unasema ndani kuna ikulu au kanisa kuu. Ukipita ndani, majani tu. Kona ya pili, ile ya Jefferson na Dodge, kuna jingine. Wiki iliyopita mwanangu alisimama pale chini akatazama juu, akaniuliza, "Baba, huu mlango, nyumba yake iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Niliuliza kocha, akasema zamani palikuwa na uwanja mkubwa na filamu iliwahi kupigwa hapo. Halafu mzee mmoja Mmarekani mweusi, tuliyekuwa naye kituo cha basi, akaniambia pale ndipo palipochezwa besiboli na watu walipaita Rockpile. Alitaka kuendelea, basi likafika, akapanda. Tangu siku hiyo linanisumbua. Mimi mchezo wenyewe siujui hata kidogo. Humu kuna mtu aliyewahi kufika enzi hizo?

---

Mzee wa Ngamiani

Marahaba, Baba Neema. Swali la mwanao nimelisoma, nikaweka simu chini, nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi kuandika.

Mwambie nyumba ilibomolewa, ikabaki milango. Mimi niliishi ng'ambo ya barabara, Mtaa wa Dodge, tangu 1980 hadi mwisho wa 1987, na misimu minne nimeuza karanga mle ndani. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, nimetoka Tanga na sanduku moja na koti lisilofaa. Leo nina miaka sitini na minane, niko nyumbani Ngamiani, na nikifumba macho bado naweza kuhesabu ngazi za jukwaa lile.

Jina lake rasmi lilikuwa War Memorial Stadium. Rockpile ni jina la watu, maana yake lundo la mawe. Ulijengwa 1937, wakati Marekani kazi hakuna na serikali ya Rais Roosevelt inawaajiri watu kwenye ujenzi wa umma. Mahali penyewe kabla ya hapo palikuwa hodhi la maji ya mji. Ndiyo maana, ukitazama vizuri hapo mnapofanyia mazoezi, ardhi imekaa kama bakuli.

Sasa elewa jambo moja, ndilo litakalokufungulia mengine: besiboli ilikuwa mpangaji mle. Umbo la uwanja lilikuwa la mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, na timu ya Bills ilichezea hapo kuanzia 1960 hadi 1972. Uwanja wa namna hiyo ni mrefu na mwembamba. Besiboli inataka umbo la upepeo uliokunjuliwa: mpigaji anasimama pale penye mpini, na uwanja unatanuka mbele yake. Ukiutia upepeo ndani ya sanduku la mstatili, kuna upande utabanwa tu. Basi upande mmoja ukuta ulikuwa karibu mno, na mpira ambao kwingine ungedakwa, pale ulivuka.

Na ukubwa! Ulichukua watu zaidi ya 45,000. Timu yetu, Bisons, yaani Nyati, ilikuwa ya ligi ndogo. Usiku wa Jumanne mwezi wa tano, baridi ya Ziwa Erie inapuliza, mngekuwa watu elfu moja mmetawanyika kwenye viti elfu arobaini na tano. Gongo likikutana na mpira, sauti ilikwenda mpaka jukwaa la mbali, ikapiga zege, ikarudi. Unasikia mara mbili. Mrushaji akikohoa unamsikia. Mtu akimtukana mwamuzi, mwamuzi anageuka na kumjua kwa sura.

Ligi ndogo ni nini? Klabu kubwa za ligi kuu huwaweka vijana wao kwenye miji mingine wakalelewe. Akiiva, anapandishwa. Kwa hiyo mpenzi wa Nyati anakaa akijua kwamba yule anayempenda akizidi kuwa mzuri, ataondoka, pengine kesho asubuhi, bila kuaga. Nilipofika, Nyati walikuwa wanalea vijana wa Pittsburgh. Baadaye wa Cleveland, kisha 1985 na 1986 wa Chicago, halafu Cleveland tena. Sisi wa Coastal Union hatujazoea hivyo. Mchezaji wetu akihamia Dar ni msiba. Pale walimpigia makofi anayeondoka.

Nije kwenye karanga.

Zilikuwa za maganda, zimeokwa, mifuko ya karatasi. Unabeba sinia lenye mkanda shingoni, unapanda na kushuka ngazi kuanzia saa moja usiku hadi mchezo unapoelekea mwisho. Anayetaka ananyoosha mkono. Kama yuko katikati ya safu, humfikii. Unamrushia mfuko juu ya vichwa vya watu, naye pesa yake anampa jirani, jirani anampa jirani, mpaka inakufikia. Chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Sijapotelewa hata senti kwa misimu minne. Wageni kwa wageni, weupe kwa weusi, katika mji ambao mchana kila mtu alikaa upande wake. Mimi nilizoea basi la kwetu, nauli inavyopita mikononi mpaka kwa kondakta, kwa hiyo siku ya kwanza nilipoona dola inakuja kwangu ikipita mikono tisa, nilijiona nipo mahali ninapopajua.

Chumba nilipanga kwa bibi mmoja mjane, Mmarekani mweusi aliyetoka Alabama akiwa msichana. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, ghorofa moja, na mbele ina baraza. Nasema baraza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: watu walipita, wakasimama, wakasalimia, wakakaa. Siku za mchezo alitoa kiti, akaweka ubao wenye bei, akawaegeshea watu magari uani kwake. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Magari manne uani, mawili kwenye njia ya pembeni, na mjukuu wake akielekeza kwa taa ya mkono. Pesa ile ndiyo iliyolipa mafuta ya kupashia nyumba joto mwezi wa kumi na mbili. Aliniambia waziwazi: "Uwanja huu ni mbaya, lakini unanilipia baridi yangu."

Na yeye ndiye aliyenifundisha mchezo, kwa kadi ya kuandikia. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba kwa nafasi yake: mrushaji 1, mdakaji 2, kituo cha kwanza 3, cha pili 4, cha tatu 5, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu 6, kisha wale watatu wa nyuma 7, 8, 9. Mpira ukigongwa chini ukaenda kwa 6, naye akamtupia 4, na 4 akamtupia 3, wapinzani wawili wametoka kwa pigo moja. Unaandika 6-4-3. Namba tatu tu, na miaka arobaini baadaye ukizisoma unamwona yule kijana anainama, anageuka, anarusha. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika herufi K. Akiwa amesimama tu, hakulitikisa gongo, unaigeuza K itazame nyuma. Bibi alikuwa mkali sana kwa K ya kugeuza. Alisema aliyekosa akijaribu na aliyekosa akitazama hawawezi kuandikwa sawa.

Nitaendelea kesho, umeme wetu leo hauaminiki.

---

Muuguzi wa Rochester

Mzee, shikamoo. Nimesoma nikiwa zamu ya usiku, nikasahau chai yangu.

Baba Neema, usiseme mchezo huujui. Kama una ndugu wa Kenya waulize kuhusu rounders. Sisi shule ya msingi kule Kisii wasichana tulicheza sana. Gongo lilikuwa kipande cha mbao alichotuchongea fundi wa shule, mpira tulifunga kwa nailoni na matambara. Unarushiwa, unapiga, unakimbia kutoka kituo hadi kituo, na ukiguswa kabla hujafika umetoka. Nilipopelekwa mara ya kwanza na wenzangu wa kazini kutazama Bisons nilielewa ndani ya dakika kumi, wao wakashangaa.

Lakini sisi tulikwenda uwanja wa katikati ya mji, ule unaoitwa Sahlen Field siku hizi. Ni mzuri, safi, unaona kila kitu. Nimehudumia wazee kadhaa wa Buffalo, na ajabu ni kwamba hawaniambii habari za huo. Wakianza kukumbuka ni Rockpile tu. Mmoja aliniambia aliuona mpira ukipigwa ukavuka paa la jukwaa. Mzee, kwa nini hawakuutengeneza ule wa zamani? Kwa nini waliuhamishia mjini?

---

Mwana wa Kisauni

Mzee wa Ngamiani, heshima yako, lakini tusiutakase uwanja ule. Mimi nilifika Buffalo 1986 kusoma, na rafiki zangu wakanipeleka mara tatu. Mara ya kwanza tuliketi nyuma ya nguzo ya chuma, nikaona nusu ya mchezo. Rangi ilikuwa inabanduka kwa vipande vikubwa kama magamba ya samaki. Vyoo sitavieleza. Zege limepasuka, kutu inatiririka mpaka kwenye viti, na ukikaa unaondoka na alama kwenye suruali. Jina la lundo la mawe halikutoka hewani.

Tena yule mzee wa kituo cha basi angekwambia pia kwamba mji uliuacha uwanja uchakae kwa sababu ya watu waliouzunguka. Majira ya joto ya 1967 kulipotokea ghasia East Side, yaani upande huo huo wa mji, timu ilihamishia michezo mingi ya usiku Niagara Falls. Juni 1970 ikaondoka kabisa, katikati ya msimu, ikapelekwa Winnipeg, Kanada. Miaka tisa mtaa ule haukuwa na besiboli. Hilo nalo liandikwe.

---

Mzee wa Ngamiani

Mwana wa Kisauni, uliyosema ni kweli yote, na suruali yangu nayo ina ushahidi. Nguzo zilikuwapo. Kutu ilikuwapo. Kuhusu 1967 umenitangulia tu, nilikuwa naifikia.

Mwaka huo wa 1967 mdakaji wa Nyati alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, Johnny Bench. Mwaka uliofuata alikuwa ligi kuu na timu ya Cincinnati, na leo ukiuliza Wamarekani ni mdakaji gani alikuwa bora kuliko wote, wengi watakutajia yeye kwanza. Bibi alimwona. Alisema mikono yake ilikuwa mikubwa, mpira ukipotelea ndani. Lakini hata kwa Bench bibi hakuwa na habari sana. Kwake yeye mchezaji alikuwa mmoja, Luke Easter.

Easter hakuchezea Rockpile kama nyumbani. Alichezea ule uliotangulia, Offermann Stadium, kule East Ferry na Michigan, ambao timu iliuacha baada ya msimu wa 1960. Nao umekwisha, pamejengwa shule. Easter alikuja Buffalo 1956, jitu la mtu, ligi kuu imeshamchoka, magoti yamekwisha. Alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa Nyati tangu Frank Grant aliyeondoka 1888. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Juni 1957 aliupiga mpira ukavuka ubao wa matokeo wa katikati, ambao tangu uwanja ufunguliwe 1924 hapana aliyewahi kuuvusha mpira. Bibi alikuwa kazini jioni hiyo, anafua nguo za watu, na hakuwahi kujisamehe. Mumewe alikuwapo. Akirudi kutoka kiwandani alikuwa akimsimulia upya, kila mara mpira unakwenda mbali zaidi.

Nilifika Buffalo Agosti 1979. Machi ya mwaka huohuo majambazi walikuwa wamemuua Easter kule Ohio, amebeba pesa za wafanyakazi wenzake. Picha yake ya gazeti ilikuwa jikoni kwa bibi, imebandikwa juu ya jokofu, na niliishi chini ya picha ile miaka saba kabla sijathubutu kuuliza mumewe alikuwa na sura gani. Alinionyesha picha ya arusi. Alikuwa mtu mdogo, mwembamba.

Sasa 1983. Mwaka huo ndio uliokuja na mambo mawili kwa pamoja. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna kilizima tanuri zake, na maelfu ya watu wakawa nyumbani. Mtoto wa kiume wa bibi alikuwa miongoni mwao. Na kiangazi hicho hicho wakaja watu wa filamu. Ilikuwa The Natural, ya Robert Redford, iliyotoka 1984. Walitafuta uwanja unaofanana na wa miaka ya 1930, na miji mingi ya Marekani ilikuwa imeshabomoa ya kwake. Uchakavu wa Rockpile ndio uliouleta. Wakaupaka rangi. Hebu fikiria, Mwana wa Kisauni: umekaa miaka bila kopo moja la rangi, halafu wanaupaka kwa sababu ya mchezo wa kuigiza.

Walihitaji watu wa kujaza majukwaa. Yule mtoto wa bibi alikwenda, akapewa suti nzito, tai na kofia ya enzi za baba yake, joto la mwezi wa saba. Alirudi usiku akakaa barazani na jasho lake. Mama yake alimtazama muda mrefu. Alisema, "Umefanana na baba yako alivyokuwa anakwenda Offermann." Wote wawili walinyamaza, nami nikaingia ndani nikawaachia baraza lao.

Muuguzi, umeuliza kwa nini waliuhama. Mwaka 1983 timu ilinunuliwa na familia ya Rich, wenye biashara ya vyakula hapo Buffalo, na nia yao pamoja na ya mji ilikuwa kubwa kuliko ligi ndogo. Walitaka timu ya ligi kuu. Kwa hiyo wakajenga katikati ya mji uwanja uliopimwa kwa besiboli peke yake, uliosanifiwa uweze kuongezewa viti siku ligi kuu ikiwakubali. Ulifunguliwa Aprili 1988 kwa jina la Pilot Field, na mwaka wa kwanza walipita watu zaidi ya milioni moja, jambo kubwa mno kwa ligi ndogo. Ligi kuu haikuja. Nafasi mbili zilipotolewa 1991, zilikwenda Denver na Miami. Sina ugomvi na uwanja ule. Wasanifu wa miji mingine walikuja kuutazama wajifunze.

Nachosema ni kwamba mtu aliyeuhamisha hakuhesabu magari manne uani kwa bibi. Kule mjini kuna maegesho ya kampuni.

Msimu wa mwisho, 1987, sikuuza tena karanga, nilishapata kazi ya kuchora mabomba. Nilikwenda kama mtazamaji, na bibi nikamlipia tiketi. Katika miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kuingia siku ya mchezo, maana angeingia nani angeangalia magari? Usiku ule hakuweka ubao. Alikuja na kadi yake na penseli mbili, moja yangu. Alipanda zile ngazi polepole, akashika chuma, akapumzika, akapanda tena. Tulikaa upande wa kituo cha tatu. Wauza karanga wapya walikuwa vijana, hawanijui. Nilinyoosha mkono, mfuko ukaja hewani, nikatoa dola nikampa jirani yangu. Safari hii nilikuwa mwisho wa safu, nikaitazama inavyoondoka.

Alinikosoa mara moja tu. Mzunguko wa sita nimeandika K ya kawaida, yeye alikuwa amegeuza. "Hakulitikisa gongo," akasema. "Wewe ulikuwa unatazama wapi?" Nilikuwa natazama taa. Taa za uwanja ule zilikuwa juu ya milingoti mirefu, na wadudu wa kiangazi wakizizunguka ilikuwa kama moshi unaometa. Mchezo ulipokwisha watu hawakuondoka upesi. Wengine walishuka mpaka kwenye uzio wakachota udongo mwekundu kwa vikombe vya bia.

Desemba nikarudi Tanga. Mwaka 1989 nikapata barua yake, mwandiko umeanza kutetemeka. Alisema mashine zimefanya kazi kutwa, vumbi limeingia mpaka kwenye makabati ya vyombo, na sasa akikaa barazani anaona mbali kiasi ambacho hapendi. Alisema wameacha malango. Ndani ya barua alitia kadi ile ya usiku wetu wa mwisho, ya kwake, si ya kwangu. Ninayo. Karatasi imekuwa rangi ya chai, lakini penseli haifutiki upesi, na ile K imegeuka bado.

Baba Neema, nina ombi. Ukisimama geti la Jefferson na Dodge, tembea kando ya Dodge, tazama nyumba zilizo ng'ambo. Namba ya nyumba sitaiandika hapa. Nataka tu kujua kama upande ule bado kuna nyumba za mbao zenye baraza, au nako wamesafisha.

---

Muuguzi wa Rochester

Mzee, hilo la kuchota udongo kwa kikombe… Yule mgonjwa wangu wa mpira uliovuka paa alikuwa na chupa ya udongo kabatini. Nilidhani ni wa kaburi la mtu wake. Sikumuuliza.

---

Mwana wa Kisauni

Nakubali, Mzee. Mimi nilikwenda kutazama mchezo tu, sikuwa na mtu wa kunifundisha kuandika. Ila la nguzo nabaki nalo!

---

Baba Neema

Mzee wangu, nimekwenda leo.

Watu wengi hapa ukitaja Jefferson wanaijua kwa jambo moja tu, yale mauaji ya Mei 2022 kule dukani, watu kumi. Mke wangu mwanzoni hakutaka kabisa mtoto apite njia hiyo. Leo tumekwenda wote wanne, hata yule mdogo mgongoni.

Nyumba za mbao zipo, Mzee. Si zote. Kuna viwanja vitupu katikati, majani yamekatwa vizuri, kama meno yaliyong'oka. Lakini zenye baraza nimezihesabu, na kwenye moja alikuwa amekaa mama mtu mzima na blanketi miguuni. Nilimwamkia kwa Kiingereza changu hiki, nikamwambia naulizia uwanja wa zamani kwa niaba ya mzee wa Tanzania aliyeuza karanga. Akacheka kwa furaha, akasema, "Nilikuwa mtoto, nikiwaelekeza watu wa magari, dola mbili." Kwa mkono alinionyesha magari yalivyokuwa yanaingia kinyumenyume, moja baada ya jingine. Sijui kama ni yule mjukuu au ni wa nyumba nyingine. Nilikuona hukusema mjukuu ni wa kike au wa kiume, na sikutaka kumwuliza mengi siku ya kwanza. Amesema tupite tena.

Mwanangu nilimwambia habari ya namba. Amekaa kwenye majani pale ndani ya bakuli akawapanga wenzake watano: wewe 6, wewe 4, wewe 3, na wale wawili wakawa wanakimbia. Walitumia mpira wa miguu kwa sababu ndio tuliokuwa nao. Kocha alifika akakuta wanarushiana kwa mikono, akauliza hii ni nini.

Jumamosi ijayo mazoezi ni saa nne asubuhi. Nitapita kwa yule mama kwanza. Nitumie jina la bibi kwa ujumbe wa pembeni, nimuulize yeye.